Kuchagua mshipi wa kuvulia katika bahari ya Dar es Salaam

Ukiingia duka la zana za uvuvi ukaomba "mshipi mgumu", utauziwa mnene kuliko unaouhitaji. Ni kweli haukatiki ovyo, lakini samaki wanauona, mkondo unaukokota, na chambo kinaelea juu ya mahali ulipotaka kikae. Mwongozo huu ni wa anayevua kwa mkono akiwa kwenye mtumbwi, ngalawa au boti ndogo, tuseme kati ya Mbweni na Kimbiji. Sehemu ya mwisho ni ya wale wanaorusha kwa fimbo.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Mvuvi wa mkono ana mishipi miwili. Mshipi mkuu ni ule anaoushika, nao huchaguliwa na kiganja chake. Kishipi ni kile kipande cha mwisho kinachobeba ndoana, nacho huchaguliwa na samaki na mwamba. Anayetumia unene mmoja kutoka mkononi hadi kwenye ndoana amekosea kotekote: ama mshipi mwembamba unamchana vidole, ama mnene unafukuza samaki. Tena mwamba ukiushika, hukatikia popote, na mita 40 zinabaki baharini.

Hatua ya 1: Amua unavua samaki gani, na wapi

Vipimo vifuatavyo ni vya mshipi wa nailoni wa uzi mmoja, ule mng'avu unaouzwa kila duka.

Kwa tasi, chaa na mkundaji wa kina kifupi, kishipi kiwe cha milimita 0.25 hadi 0.35, na mshipi mkuu 0.50. Hawa wana midomo midogo na hudonoa. Kishipi kikiwa kinene, ugumu wake wenyewe unakisukuma chambo kando samaki anapokivuta, naye anakiacha. (Tasi mshike kwa kitambaa. Miiba yake ina sumu na maumivu yake si ya mchezo.)

Kwa changu wa kawaida, kishipi cha 0.40 hadi 0.50 na mkuu wa 0.70 vinatosha kwa siku nyingi za mwaka. Ukiwa na fedha ya seti moja tu, nunua hii.

Chewa ni habari nyingine. Chewa hamalizi nguvu kwa kukimbia mbali. Anameza, anageuka, anaingia pangoni, na akishatanua mashavu na mapezi humtoi. Vita vyote vinaamuliwa ndani ya mita mbili tatu za mwanzo, kwa hiyo unahitaji mshipi wa kumzuia papo hapo: kishipi cha 0.80 hadi 1.00 na mkuu wa 1.00 hadi 1.20. Unene huo unahitajika pia kwa sababu utasuguliwa kwenye jiwe, na mshipi mnene hata ukichubuka kidogo hubakiwa na nyama ya kutosha kushikilia.

Kolekole hana meno ya kukata, lakini anakimbia sana. Kishipi cha 0.60 hadi 0.80 kinamtosha. Unachohitaji zaidi ni urefu wa mshipi mkuu. Nguru na mzia wana meno kama wembe, na nailoni yoyote utakayoweka mbele yao itakatwa, iwe nene au nyembamba. Hapo panatakiwa waya. Jodari ana macho makali na akiona waya anapita zake, kwa hiyo mwekee florokaboni ya 0.80 hadi 1.00 (mshipi unaofanana na nailoni ila samaki huuona kwa shida; tazama Hatua ya 3). Kwa papa na taa wakubwa, kishipi ni waya na mshipi mkuu ni 1.50 kwenda juu.

Kuhusu wapi: mwamba ulio karibu na Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini unavutia, lakini visiwa hivyo na maji yanayovizunguka ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975. Usishushe ndoana humo. Mambo ya leseni waulize BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) wa ufukwe wako au ofisi ya uvuvi ya manispaa kabla hujanunua chochote.

Hatua ya 2: Soma lebo, na usiiamini moja kwa moja

Muuzaji atakutajia "namba". Muulize mara moja: namba ya nini? Wengine hutaja milimita bila nukta, hivyo 50 ni 0.50. Wengine hutaja pauni, wengine kilo. Pauni 1 ni kilo 0.45, kwa hiyo mshipi wa "30" kwa pauni ni wa kilo 13 na nusu tu, chini ya nusu ya yule wa "30" kwa kilo. Kosa hili ndilo linalofanya mtu aseme mshipi fulani ni feki, kumbe alisoma kipimo kingine.

Nailoni nzuri hubeba takriban hivi ikiwa kavu na haina fundo: milimita 0.30 kilo 6 hadi 7, 0.50 kilo 15, 0.80 kilo 35, 1.00 kilo 50. Angalia mwendo wa hesabu. Unene ukiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara tatu hadi nne, kwa sababu kinachobeba ni eneo la mkato wa mshipi. Ndiyo maana kutoka 0.50 kwenda 0.60 ni hatua kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho. Ukikuta lebo inayodai 0.30 inabeba kilo 20 na ni nailoni, ama kilo ni za uongo ama unene ni wa uongo.

Unene unaweza kuupima papo hapo dukani. Chukua kalamu, zungusha mshipi juu yake mara 10, mizunguko ikigusana bila kupandana, kisha pima upana wake kwa rula. Mizunguko 10 ya mshipi wa 0.50 inatakiwa ichukue milimita 5. Ikichukua 6, umeshikilia mshipi wa 0.60, na hapo umejua kwa nini ulionekana una nguvu.

Toa pia makato. Nailoni hunywa maji, na ikilowa hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake au zaidi. Fundo likifungwa vizuri huacha asilimia 80 hadi 90. Likifungwa vibaya huacha nusu. Mshipi wa kilo 15 ukiwa baharini, na fundo lake, uhesabu kuwa wa kilo 10 hadi 12.

Hatua ya 3: Jua umbile la kila aina

Nailoni ya uzi mmoja ndiyo mama wa mishipi kwa mvuvi wa mkono. Inateleza vizuri kiganjani, haiingii nyamani kirahisi, na inanyumbuka. Mnyumbuko huo una faida na hasara. Samaki akipiga kwa ghafla, mshipi unameza ule mshtuko na mdomo wa samaki hauchaniki. Lakini mshipi wa mita 40 ukivutwa kwa nguvu ya wastani unaweza kurefuka mita 3 au 4, na mdonoo mdogo wa chini unafia njiani kabla haujafika kidoleni. Kwa kina cha mita 10 hutaona tatizo. Kwa kina cha mita 50 utaanza kuvuta ndoana tupu na kudhani chambo kimelika chenyewe.

Nailoni pia ina uzito wa gramu 1.14 kwa kila sentimita ya ujazo dhidi ya 1.025 ya maji ya bahari, yaani huzama, ila polepole. Kwa hiyo mkondo una muda wa kuipinda.

Florokaboni inafanana na nailoni kwa macho, bei ikiwa juu zaidi. Uzito wake ni 1.78, inazama upesi, hainywi maji, haiharibiwi na jua kwa urahisi, na inapindisha mwanga karibu sawa na maji, kwa hiyo samaki huiona kwa shida. Pia ngozi yake ni ngumu kuchubuka. Ubaya wake ni ukakamavu, na fundo lake halisamehe uzembe. Kununua rola nzima ya florokaboni kwa mshipi mkuu ni kupoteza fedha. Nunua mita 20 au 30 za kutengenezea vishipi, zinatosha miezi.

Mshipi wa kusuka hutengenezwa kwa nyuzi za poliethilini ngumu, nne, nane au zaidi, zilizosukwa pamoja. Kwa unene uleule una nguvu mara mbili hadi tatu ya nailoni, na haunyumbuki kabisa ukilinganisha. Samaki akigusa chambo kwenye kina cha mita 60, unamsikia kama yuko chini ya mtumbwi. Kwa fimbo na rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi), huu ndio mshipi wa kununua. Kwa mkono mtupu, usiuguse. Mshipi wa kusuka wa milimita 0.30 ukipitishwa kasi na kolekole wa kilo 5 unakata kidole hadi mfupani, na ukijizungusha kwenye kifundo cha mkono unaweza kumvuta mtu majini. Vilevile poliethilini huyeyuka kwa joto la chini kuliko nailoni, na msuguano wa nailoni ya mwenzako ikipita juu yake unaukata kama uzi wa kushonea. Boti moja ikichanganya aina hizi mbili, mishipi ikitatana mwenye wa kusuka asivute kwa nguvu.

Mshipi wa kusuka una uzito wa 0.97, yaani unaelea. Bila chubwi (kizito cha risasi) la kutosha hubaki ukicheza juu.

Waya wa chuma cha pua ni wa kishipi tu, sentimita 25 hadi 40. Waya wa uzi mmoja ni mwembamba na samaki hauoni sana, ila ukipinda mara moja ndio basi, utakatikia hapo hapo. Waya wa nyuzi nyingi ni laini zaidi na mnene zaidi. Kwa nguru, wa uzi mmoja ni bora.

Hatua ya 4: Kagua rola kabla ya kulipa

Mwulize muuzaji rola ilikaa wapi. Ile ya dirishani, iliyopigwa na jua la Dar es Salaam miezi kadhaa, imekwishaanza kufa hata kama karatasi yake haijachanwa. Jua huvunja nailoni kuanzia juu, na dalili ni ngozi iliyofifia, yenye unga mweupe unaobaki kwenye vidole. Omba rola ya ndani ya boksi.

Kisha fungua mita moja. Ipitishe katikati ya kidole gumba na cha shahada, macho yamefumbwa. Mshipi mzuri una unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Ukihisi vinundu au mahali pembamba, rudisha. Uachie uning'inie. Ukibaki na mizunguko mikubwa milegevu ni kawaida, lakini ukijikunja kama chemchemi ya kalamu, umekaa muda mrefu sana au ni mgumu mno kwa mkono. Mwisho piga fundo moja la kawaida katikati ya kipande na uvute taratibu. Fundo hili ni baya kuliko yote na mshipi wowote utakatikia hapo, lakini angalia unavyokatika: mzuri unanyumbuka kwanza, uliokufa unavunjika ghafla kama kijiti.

Rangi usiisumbukie sana kwa mshipi mkuu. Kwa kishipi, nunua isiyo na rangi.

Hatua ya 5: Urefu, na namna ya kuuhamisha

Kwa kuvua chini, chukua kina cha maji zidisha mara tatu. Kina cha mita 20 kinahitaji mita 60: ishirini za kushuka, nyingine kwa sababu mkondo huukokota mshipi upande, na akiba ya samaki kukimbia. Mshipi usipungue mita 60 hata kama unavua kwenye kina cha mita 8. Upande wa Kimbiji na Ras Kutani, ambako bahari kuu iko jirani zaidi, beba mita 150.

Kuhamisha mshipi kutoka kwenye rola kwenda kwenye kibao chako ndipo wengi wanapouharibu kabla haujaonja chumvi. Ukiilaza rola na kuvuta mshipi ukitokea ubavuni mwake, kila mzunguko unaotoka unaingiza msokoto mmoja. Mita 100 zinaingiza mamia. Ukifika baharini, mshipi unajifunga wenyewe miguuni. Dawa ni kupitisha msumari au kijiti katikati ya rola, mwenzako akishike, rola izunguke kama gurudumu huku wewe unakunja. Kunja kwa mkazo wa wastani, kwenye kibao au chupa yenye upana wa sentimita 12 au zaidi. Kadri kinavyokuwa chembamba, ndivyo mshipi unavyozoea kujikunja.

Kabla ya kutumika, fungia mwisho wake kwenye mti, uloweshe, tembea nao hadi mwisho, uvute kwa mkazo usiofika nusu ya nguvu zake, na ushikilie dakika mbili. Utalala chini umenyooka.

Hatua ya 6: Mafundo matatu

Kufunga ndoana kwenye nailoni: pitisha mkia kwenye tundu la ndoana, acha sentimita 15. Uzungushe mkia kwenye mshipi mara 5. Rudisha mkia, upitishe kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu kabisa na ndoana, kisha upitishe tena kwenye kitanzi kikubwa kilichotokea. Lowesha kwa mate. Vuta mshipi mkuu polepole hadi mizunguko ijipange kama chemchemi, ndipo ukaze. Acha mkia wa milimita 3. Ukiwa na mshipi wa 0.70 au zaidi, mizunguko iwe 3 au 4 tu, kwa sababu mizunguko mingi haitakaza.

Fundo hili huharibika kwa sababu mbili. Moja ni kukaza pakavu: msuguano unatoa joto, joto linadhoofisha nailoni, na ukiangalia kwa makini utaona sehemu imegeuka nyeupe. Kata, anza upya. Nyingine ni mizunguko kupandana. Mzunguko wa juu unamkata wa chini samaki anapovuta.

Kufunga mshipi wa kusuka: kunja mshipi uwe mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu, piga fundo la kawaida kwa mishipi yote miwili bila kukaza, kisha pitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi. Lowesha, kaza. Fundo la kwanza hapo juu usilitumie kwa kusuka. Huteleza na kufunguka.

Kuunga kusuka na nailoni: laza mishipi miwili sambamba, mikia ikielekea pande tofauti. Mkia wa kusuka ukunje kuwa kitanzi, uzungushe ndani ya kitanzi hicho mara 8 ukikumbatia mishipi yote miwili, kaza. Fanya hivyo kwa mkia wa nailoni, mara 5. Lowesha, vuta mishipi mikuu hadi mafundo mawili yagongane. Kusuka kunahitaji mizunguko mingi kwa sababu kunateleza.

Waya haufungwi fundo. Pitisha kwenye tundu la ndoana, zungusha waya mbili zikumbatiane mara 4 kwa mlalo uliolegea, kisha zungusha mkia peke yake mara 5 uliobana. Mkia usiukate kwa koleo. Uchezeshe mbele na nyuma hadi uvunjike pale pale, usibaki mwiba wa kukuchana. Kwa nailoni ya 1.20 na zaidi, fundo halikazi vizuri: tumia vibomba vya kubana kwa koleo.

Hatua ya 7: Panga mwisho wa mshipi

Mpango wa changu unaofaa kwa mwanzo: mwisho wa mshipi mkuu funga swiveli, kile kiungo cha chuma kinachojizungusha, ili chambo kikizunguka msokoto usipande juu. Chini ya swiveli funga mita 1.2 za nailoni ya 0.60. Humo chomoza vishipi viwili vya 0.45, kila kimoja sentimita 25 hadi 30, kimoja kikiwa sentimita 30 juu ya chubwi na kingine sentimita 50 juu ya cha kwanza. Nafasi kati yao lazima ipite urefu wa kishipi, la sivyo ndoana zinashikana.

Chubwi lifunge kwa kipande cha sentimita 20 cha mshipi dhaifu kuliko vyote, 0.35 hivi. Linaloingia kwenye ufa wa mwamba mara nyingi ni chubwi. Likinasa, kipande hicho kinakatika na unabaki na ndoana zako, pengine na samaki. Aliyefunga chubwi kwa mshipi mnene hupoteza kila kitu kwa kipande cha risasi.

Uzito wa chubwi unategemea maji. Wakati wa maji mafu, gramu 100 zinatosha kwa mita 15. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, tofauti ya kupwa na kujaa hapa hupita mita 3 na mkondo kwenye mlango wa bandari hukimbia. Utahitaji gramu 250 hadi 300. Lakini kabla ya kuongeza risasi, punguza unene. Nguvu ya mkondo kwenye mshipi huenda sambamba na unene wake, kwa hiyo ukitoka 1.00 kwenda 0.70 umepunguza karibu theluthi ya mvuto bila kuongeza gramu hata moja. Siku za kusi kali hili ndilo linaloamua nani anafika chini.

Kwa kurambaza nguru, yaani kukokota chambo nyuma ya boti inayotembea: mshipi mkuu wa 1.20 mita 80, swiveli, mita 5 za 1.00, swiveli nyingine ndogo, kisha waya wa sentimita 35 na ndoana. Swiveli ya mbele iwe nyeusi. Inayometameta hudonolewa yenyewe, na meno yakigusa hapo mshipi umekatika.

Hatua ya 8: Mkono

Vaa vipande vya tyubu ya baiskeli, upana wa sentimita 3, kwenye kidole cha shahada na cha kati vya mikono yote miwili. Mshipi upite juu ya mpira. Usizungushe mshipi kiganjani kamwe, wala usiufungie kwenye dole la mguu ili usinzie. Mshipi unaovutwa juu uuweke kwenye karai au ndoo pana, si sakafuni penye ndoana, visu na miguu. Samaki akikimbia, mwachie upite kwa msuguano wa vidole, akisimama, vuta. Ule mnyumbuko wa nailoni unakusaidia hapa.

Utunzaji

Kila ukirudi, kata mita 1 ya mwisho wa mshipi mkuu, tengeneza vishipi vipya. Hapo ndipo panapokutana na mwamba. Pitisha mita 10 zinazofuata kwenye kucha; mkwaruzo unaokwama kuchani ni mahali patakapokatika kesho, kata hadi upite.

Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kivulini, hifadhi gizani. Chumvi yenyewe haili nailoni, lakini ikikauka inaacha chembe zinazosugua, na swiveli inaganda. Weka mshipi mbali na betri ya boti: asidi inaila nailoni vibaya, na mvuke wake tu ukidumu muda mrefu huacha mshipi unaoonekana mzima na kukatika kwa kidole. Anayevua kila siku abadili mita 30 za mbele kila baada ya miezi miwili mitatu. Wa Jumamosi anaweza kumaliza mwaka, kwa kugeuza mshipi ule wa ndani uje mbele.

Vipande usitupe majini. Nailoni haiozi, na kasa akijizungusha nayo haponi. Vikusanye kwenye chupa, uvirudishe nchi kavu.

Kwa wenye fimbo ya kurushia chambo cha manyoya

Zana hizi huingia Dar es Salaam mara nyingi kwa mtu kuletewa kutoka nje, na mara nyingi mshipi unaoletwa si wake. Hapa kila kitu kimegeuka. Katika uvuvi wa kawaida chubwi ndilo linalobeba mshipi. Chambo cha manyoya hakina uzito, kwa hiyo mshipi wenyewe ndio mzito, na ndio unaorushwa. Fimbo na mshipi lazima vilingane namba. Watengenezaji wa Marekani walikubaliana kiwango hicho mwaka 1961: hupimwa futi 30 za mwanzo, sawa na mita 9.1. Namba 5 ina gramu 9, namba 8 gramu 13.6, namba 10 gramu 18, namba 12 gramu 24.6.

Lebo ya WF8F isome hivi: WF ni umbo lenye uzito mbele, 8 ni namba ya uzito, F ni unaoelea. DT ni umbo lenye wembamba sawa ncha zote mbili. I ni unaozama taratibu, sentimita 3 hadi 5 kwa sekunde. S ni unaozama, na ile ya kasi hufika sentimita 15 na zaidi. Kwa kolekole kwenye mchanga wa kina kifupi, WF8F au WF9F ndiyo ya kuanzia. Upepo wa kusi ukichafua uso wa maji, I hukaa chini ya mawimbi na kukupa mguso wa moja kwa moja.

Neno la kutafuta kwenye boksi ni tropiki. Mshipi wa maji ya baridi una kiini laini na gamba laini, ili usijikunje kwenye mito ya Ulaya. Ukiuleta kwenye bahari yetu inayofika nyuzi 28 na zaidi, unalegea kama tambi, unanata kwenye pete za fimbo, na haufiki mbali hata urushe vipi. Watu hulaumu mkono wao miezi mizima. Wa tropiki una kiini kigumu, na kwenye joto ndipo unapokaa sawa.

Nyuma yake weka mita 180 za mshipi wa akiba wa kusuka wa kilo 13, kwa sababu mshipi wenyewe hauzidi sana mita 30 na kolekole huzimaliza kwa mbio moja. Mbele weka kishipi cha mita 2.7 kinachopungua unene hadi 0.40. Gamba lake lisafishe kwa kitambaa na sabuni laini, na unawe mikono ukishajipaka dawa ya mbu kabla ya kuushika, maana dawa hiyo hulila gamba hadi lipasuke. WF ikipasuka mbele imekwisha. DT unaitoa yote kwenye rili, unaigeuza, na unaendelea na ncha ya pili.